Nilimpeleka mbwa mafunzo akiwa mzima, nimerudishiwa mbwa anayejikojolea akiona ufagio

Wakuu, hili jambo nimelimeza wiki tisa sasa na limenikwama kooni. Leo nalitoa.

Mbwa wangu anaitwa Bosko. Ni wa kienyeji aliyechanganya na jemani shepadi kidogo. Nilimchukua kwa shangazi Mkuranga akiwa na wiki tisa, ameshaacha kunyonya. Chanjo ya parvo na distempa alirudiwa mpaka alipofika wiki ya 16, na ya kichaa cha mbwa alichomwa akiwa na miezi mitatu. Dawa ya minyoo alikunywa kwa ratiba. Kupe tulikuwa tunamtoa kila jioni, masikioni na katikati ya vidole, na fundi wa kazi hiyo ni binti yangu wa miaka kumi. Nayasema haya mapema ili asije mtu hapa akaniambia sikumtunza mbwa wangu.

Alipofikisha miezi tisa utundu ukaanza. Kurukia wageni kifuani, kutafuna ndala, kufukua mchicha, kuvuta kamba njiani mpaka bega linaniuma. Ule ni umri wa ujana kwa mbwa, nguvu zimejaa na akili haijatulia, ila wakati huo sikulijua hilo. Mwezi huohuo wezi wakaingia nyumba mbili mtaani kwetu Goba. Shemeji akaniambia kuna mwalimu wa mbwa, anamchukua wiki sita kwa laki tatu na nusu, anakurudishia mbwa mwenye adabu na mkali. Nikalipa zote kwa mkupuo. Nikaambiwa nisiende kumtembelea, eti akiniona atasahau alichofundishwa. Nilikubali, na hilo ndilo linaloniuma kuliko hela.

Siku ya kumchukua, Bosko hakunikimbilia. Alisimama mkia umebanwa tumboni, anatazama chini. Yule bwana akasema, "Unaona? Ametulia." Akanyanyua mkono juu, mbwa akalala chini hapohapo na mkojo ukamtoka. Na mtu anatabasamu, ananionyesha kazi yake!

Nilimpeleka kwa daktari wa mifugo siku hiyohiyo. Alikwenda na kilo 24, akarudi na 17. Shingoni manyoya yamekatika mduara mzima, na chini yake kuna kidonda cha mnyororo kilichoanza kutoa usaha. Jino moja la mbele limevunjika, daktari anasema ni la kung'ata chuma. Nilipompigia yule mwalimu wala hakukana. Alinieleza kabisa, kama mtu anayetoa darasa: siku mbili za mwanzo hapewi chakula ili ajue bosi ni nani, analala kwenye stoo ya giza ili awe na hasira, nyama inapakwa pilipili, akikosea anachapwa na mpira wa maji. "Mbwa wote wa ulinzi wanafundishwa hivyo, dada yangu."

Hapo ndipo nilipopandwa na hasira ambayo mpaka leo haijashuka. Kwa sababu najua hayuko peke yake. Haya mambo ya pilipili, shimo la giza na njaa nimeyasikia tangu nikiwa mtoto, na watu wazima wenye akili zao wanayarudia mpaka leo kama vile ni elimu. Jamani, pilipili inamuunguza mbwa mdomo na tumbo, basi. Haimfundishi kumtambua mwizi. Giza na kipigo vinamfundisha kitu kimoja tu, kwamba binadamu ni hatari. Na mbwa aliyejifunza hivyo hachagui. Mwizi akija na rungu atajificha uvunguni, mtoto akipita na fimbo ya kuchezea atamng'ata.

Na ndivyo ilivyotokea. Wiki ya pili baada ya kurudi, mtoto wa dada yangu, ana miaka sita, alikuja kututembelea. Akaokota ufagio wa chelewa uani amsaidie bibi yake kufagia. Bosko alikuwa amelala pembeni. Ufagio uliponyanyuka, akamrukia mkono. Mbwa ambaye tangu aje hajawahi kumkwaruza mtu! Tulikiosha kidonda kwa sabuni na maji ya bomba yanayotiririka dakika 15 nzima, mtoto analia, mimi nalia, kisha mbio hospitali. Chanjo ya kichaa cha mbwa akachomwa siku ileile, halafu siku ya 3, ya 7 na ya 14. Bosko cheti chake cha chanjo hakijaisha muda, lakini kichaa cha mbwa dalili zikishaanza mtu haponi, kwa hiyo sikutaka kubahatisha na mtoto wa mwenzangu. Mbwa tukamfungia na kumwangalia siku kumi kama daktari alivyoagiza. Yuko salama. Mtoto naye kidonda kimefunga, ila akifika getini kwangu sasa anang'ang'ania gauni la mama yake.

Ndugu wakasema auawe. Shemeji yuleyule aliyenielekeza kwa mwalimu ndiye aliyekuwa wa kwanza kusema atafute mtu wa kumtilia sumu.

Aliyenituliza ni jirani yangu, mzee Mwislamu. Huyu mzee hamgusi mbwa. Kwake mate ya mbwa ni najisi, chombo alicholamba kinaoshwa mara saba na mojawapo kwa udongo, ndiyo maana banda la Bosko nililijenga upande wa mbali na ukuta wake. Alikuja akasimama mlangoni, akamtazama Bosko kwa muda, akaniambia: "Mwanangu, huyu si mkali. Huyu ameogopeshwa." Akanisimulia ile hadithi ya mtu aliyeshuka kisimani na kujaza maji kwenye kiatu chake amnyweshe mbwa mwenye kiu, Mungu akamsamehe dhambi zake. Mzee asiyefuga mbwa ameona kwa dakika tano kitu ambacho mtu anayejiita mwalimu wa mbwa hajakiona kwa wiki sita.

Sasa namfundisha mwenyewe, kwa maelekezo ya daktari. Chakula chote anakula mkononi mwangu, ugali wa dona na dagaa waliochemshwa bila chumvi wala kitunguu. Wiki ya kwanza alikuwa hasogei, nikawa nakaa chini nimempa ubavu, simtazami usoni, natupa tonge karibu yake na kunyamaza. Ufagio niliulaza chini upande wa pili wa ua, na kila anapoutazama bila kutetemeka anapata kipande cha firigisi. Kila baada ya siku mbili tatu nausogeza hatua moja. Akianza kuhema haraka au kulamba pua, nimeharakisha, naurudisha nyuma. Juzi aliunusa mwenyewe. Binti yangu alilia.

Na kukaa ukimwambia "kaa" alijifunza siku mbili. Siku mbili! Unashika firigisi mbele ya pua yake, unaipandisha taratibu kuelekea kisogoni, makalio yanashuka yenyewe, unasema "kaa" na unampa papo hapo. Ukichelewa kidogo tu hajui unamlipa kwa lipi. Dakika tano asubuhi, tano jioni, basi. Kuvuta kamba nako ni rahisi hivyohivyo: akivuta unasimama kama mti, kamba ikilegea mnaendelea. Kurukia wageni, unampa mgongo mpaka miguu yote minne iwe chini, ndipo unamsalimia. Haya yote ningeweza kuyafanya mwenyewe pale barazani, bila kumlipa mtu senti tano, kama kuna aliyeniambia.

Wapo watakaokuja hapa kusema mbwa wa kudekezwa halindi nyumba. Bosko kabla hajaharibiwa alikuwa anabweka mtu akigusa geti usiku, na ananyamaza akisikia sauti ya mtu wa nyumbani. Huo ndio ulinzi nilioutaka. Sasa hivi habweki kabisa. Wiki iliyopita mtu ameruka ukuta akabeba jiko la gesi, na Bosko tulimkuta nyuma ya simtanki anatetemeka. Laki tatu na nusu nimelipa kumnyang'anya mbwa sauti yake.

Hela nimeidai. Jibu lake ni kwamba mbwa "ana damu mbaya" na kwamba nimrudishe amfanyie wiki nyingine mbili bure. Nimrudishe! Na ana mbwa wengine pale ndani, niliwasikia siku ile naondoka, wanalia kwa sauti ndogo kama watoto. Hilo ndilo linaloninyima usingizi zaidi ya yote. Wenye mbwa hao wamekatazwa kuwatembelea kama nilivyokatazwa mimi, na wanasubiri warudishiwe mbwa "waliotulia".

Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 ipo. Kumpiga na kumshindisha mnyama njaa ni kosa nchini kwetu, si suala la mtu na mbwa wake. Nimeanzia kwa ofisa mifugo wa kata, amenisikiliza vizuri, lakini kila nikipiga simu naambiwa nisubiri. Kituo cha polisi niliambiwa, "Mama, ni mbwa tu," na kijana wa zamu hakuandika hata mstari mmoja.

Kwa hiyo nauliza kwa dhati: kuna aliyewahi kuifikisha kesi ya namna hii mwisho? Ulianzia ofisi gani, na walitaka uthibitisho gani? Picha za shingo nilizipiga siku ileile, karatasi ya daktari yenye uzito wa kwenda na wa kurudi ninayo, na ujumbe wake wa simu anaojieleza mwenyewe habari za stoo na pilipili sijaufuta. Na kama mbwa wako yuko kwa mtu aliyekukataza kumtembelea, acha kusoma hapa, nenda ukamchukue leo.