Kujifunza Biblia kwa simu kikundini: tusomeje bila kuipoteza maana?

Mwalimu wa Changamwe
Bwana asifiwe, ndugu na dada. Ninaongoza kikundi cha kujifunza Biblia hapa Changamwe, kila Jumatano jioni. Vijana wote huja na simu. Wenye vitabu ni wazee wawili tu. Juma lililopita kijana mmoja alitusomea Yeremia 29:11, aya ambayo programu yake ya Biblia ilimletea asubuhi, akasema kwamba kazi aliyoiomba bandarini ni yake tayari kwa ahadi hiyo. Mama mmoja mzee akavaa miwani, akafungua Biblia yake na kusoma aya ya 10, inayosema kwamba ahadi itatimizwa baada ya miaka 70 ya Babeli. Chumba kizima kilinyamaza. Sitaki kuwakataza simu, kwa kuwa wengi wao hawana Biblia nyingine. Nifanyeje ili programu itusomeshe, isitudondolee tu maneno matamu?

Mama wa Likoni
Mwalimu, waambie wazime ile arifa ya aya ya siku, kisha wasikilize sura nzima. Mimi huvuka feri kila alfajiri, na kwa programu inayosoma kwa sauti nimeimaliza Injili ya Marko, sura zote 16, nikiwa nimesimama katikati ya watu na mkoba kifuani. Ukiisikia mfululizo namna hiyo, unatambua jinsi wanafunzi walivyokuwa wazito wa kuelewa tangu mwanzo hadi mwisho. Tena wapakue nyumbani mapema, bando lisije likawaishia katikati ya somo.

Mzee wa Kisauni
Mwanangu, kosa hili ni la zamani kuliko simu. Yeremia aliandika barua kwa Wayahudi waliohamishwa hadi Babeli, na barua haina namba. Aya tunazozitumia leo zinafuata mgawanyo wa Agano Jipya uliochapishwa na Robert Estienne, mchapaji Mfaransa, mwaka 1551, na za Agano la Kale zinafuata mgawanyo wa kale zaidi wa Wayahudi, ulioongezewa namba baadaye. Kwa hiyo mtu wa kitabu naye huweza kuinyofoa aya moja na kuiacha barua.

Ila programu ina faida moja ambayo mimi, niliyelelewa na tafsiri ya Union Version ya mwaka 1952, sikuipata ujanani: kuziweka tafsiri mbili bega kwa bega. Fungueni Yohana 3:3. Union Version inasema kuzaliwa mara ya pili, Habari Njema inasema kuzaliwa upya, na neno la Kigiriki lililo nyuma yake linabeba pia maana ya kutoka juu. Nikodemo, aliyeambiwa hayo na Yesu, alishika maana moja tu, ndiyo maana akauliza habari za kurudi tumboni mwa mamaye. Kikundi kikikaa hapo nusu saa, hakitakuwa kimepoteza wakati.

Kijana wa Bamburi
Naongeza dogo: wakishapakua, wakate intaneti mpaka sala ya mwisho. Ujumbe ukiingia, macho huhama.

Mwalimu wa Changamwe
Nawashukuru sana, nawe mzee wangu hasa. Jumatano tutasoma Yeremia 29 kuanzia aya ya 1 hadi ya 14, na nimemwomba kijana yuleyule atusomee kwa simu yake. Jibu la bandarini bado halijaja, nami ningependa aifikie mwenyewe aya ya 5 na ya 7, pale wanapoambiwa wajenge nyumba, wapande bustani na kuutakia amani mji walimo.