Nataka ubani na kengele, ila na binti yangu naye asogee altareni

bintiwamuheza

Tumsifu Yesu Kristo wapendwa. Kuna jambo linaninyima raha naomba mawazo yenu, matusi hapana tafadhali. Mi nimekulia Muheza, familia ya Kianglikana ile ya UMCA, wale wamisionari wa Kiingereza wa misa ya ubani, babu alikuwa katekista, kwa hiyo misa kwangu ni kasula, kengele Hostia ikiinuliwa, Salamu Maria, na ubani mpaka ukifika nyumbani khanga bado inanukia. Sasa nipo Uingereza mwaka wa nane, mji siutaji. Tulipofika tulihangaika kweli, kanisa la karibu lilikuwa na skrini na magitaa, watu wazuri sana wana upendo lakini nikitoka pale najiona kama sijasali. Baadaye tukapata kanisa lenye misa kamili, chetezo (kile chombo cha kufukizia ubani), kupiga magoti, kitubio Jumamosi, Jumapili ya kwanza nililia wallahi (nimetoka Tanga nisameheni).

Shida imeanza mwaka huu. Binti yangu ana miaka 13 anataka kutumikia altareni, na hasa anataka kushika chetezo. Nikaenda kumuuliza padri, akanijibu kwa upole kabisa kuwa pale wanaotumikia ni wavulana tu, halafu ndo nikajua kumbe parokia hiyo haipokei mapadri wanawake. Miaka mitano nasali pale sikujua! Tukiwa kwenye gari mtoto ananiuliza, kwa hiyo mama Mungu hautaki moshi wangu? Nikajifanya natafuta pa kupaki.

Kuna kanisa lingine, basi moja tu, misa ileile karibu neno kwa neno, padri ni mama, wasichana wanatumikia. Ila mlangoni pana bendera ya upinde wa mvua na wanawaombea baraka wapenzi wa jinsia moja. Kwa mapadri wanawake sina neno. Hilo la pili sijui nasimama wapi, na mama yangu akisikia huko nyumbani atafunga siku tatu. Hivi mtu anaweza kubaki na ibada ya wazee akawa na mawazo mapya, au vyote vinauzwa fungu moja?

mtu_wa_lewisham

Dada pole, wala usijilaumu, wengi tunakaa miaka hatujui maana kwa macho hayo makanisa mawili ni mapacha. Historia yake fupi ni hii, Kanisa la Uingereza lilipiga kura 1992 kukubali mapadri wanawake, wa kwanza wakapewa daraja Bristol Machi 1994. Watu wa misa ya juu, yaani hawa wa ubani na kengele, wakagawanyika hapo hapo, wengine wakahamia Katoliki, wengine wakabaki ila wakapewa maaskofu wao wa kuwahudumia kwa utaratibu wa 1993, na wengine walikuwa wanataka ubani NA mapadri wanawake tangu mwanzo, hao walishaanzisha umoja wao 1990 unaitwa Affirming Catholicism. Kwa hiyo swali lako lina watu wake kabisa huku, hujalibuni wewe.

Siku nyingine kabla hujaanza kulia angalia ubao wa matangazo au tovuti yao. Ukiona The Society, umoja wa parokia zisizopokea mapadri wanawake, ujue altareni ni mapadri wanaume. Ukiona Inclusive Church ujue ni ule upande wa bendera. Moshi wenyewe haukuambii kitu.

Kuhusu baraka, hizo sala zilianza kutumika Desemba 2023, zinaingizwa ndani ya ibada ya kawaida, si ndoa, na padri asiyetaka halazimishwi. Usije ukadhani kila Jumapili utakuta harusi.

mzee_wa_kusini

Mwanangu, milele amina. Mimi ni mzee wa Masasi, nimetumikia altare tangu 1961 nikiwa mtoto, enzi za Askofu Trevor Huddleston, yule yule aliyepambana na ubaguzi wa Afrika Kusini. Misa yake ilikuwa kamili haijapunguzwa hata kengele moja. Naona hapa vijana mtasema basi mnaona, ibada ya zamani na siasa mpya vinakaa pamoja. Ni kweli, lakini msiende mbio.

Mchukueni Frank Weston, askofu wa Zanzibar kuanzia 1908 mpaka alipofariki 1924. Mwaka 1923 alisimama London mbele ya maelfu ya watu wa ubani akawaambia hamwezi kudai mnamwabudu Yesu ndani ya tabernakulo, kile kisanduku cha Ekaristi, kama hamumwonei huruma Yesu aliye kwenye vibanda vya maskini. Kabla ya hapo alishaandika kupinga Waafrika kulazimishwa kazi huko Kenya. Watu huishia hapo wakampigia makofi. Hawasemi kwamba mtu huyo huyo mwaka 1915 alikata ushirika na askofu wa Hereford kule Uingereza kwa sababu ya mafundisho ya kisasa! Kwake vyote vilitoka chungu kimoja, huruma kwa maskini na ukali wa imani. Ukitaka kuchota kimoja chota, lakini usimtaje yeye kuwa shahidi wako.

Ubani si marashi mwanangu. Unafukizwa kwa sababu tunaamini kuna Mtu pale juu ya altare. Kwa hiyo kwanza jiulize unaamini nini, harufu baadaye. Hilo la binti kushika chetezo mimi kwa umri wangu lingenishtua kidogo, lakini sioni amri ya Mungu inayomkataza, hiyo ni mazoea yetu tu.

kibosho_juu

Mi Mluteri sina chetezo ila naomba nichangie. KKKT, kanisa letu la Kilutheri Tanzania, tuna wachungaji wanawake tangu 1991 na liturujia ni ile ile ya Wajerumani, kusimama pale pale, kukaa pale pale, tenzi zile zile mpaka Mmarekani akija anashangaa. Alipoletwa mchungaji mama usharikani kwetu kulikuwa na bibi mmoja akimwona yeye ndo yupo zamu ya meza ya Bwana haendi mbele, anasubiri Jumapili ya mwanaume. Miaka mitatu hivyo. Mumewe alivyofariki msibani aliyelala pale kwenye jamvi na wamama siku nne ni nani, si huyo mchungaji. Baada ya arobaini bibi akaenda mbele. Hakuna aliyembishia kwa Biblia, nasema tu nilichokiona.

shemeji_wa_yesu

Hamia Katoliki yaishe, mnajisumbua bure na hayo makanisa ya wafalme

mtu_wa_lewisham

@shemeji_wa_yesu Katoliki wasichana wanaruhusiwa kutumikia altareni tangu 1994, kwa hiyo kwa mtoto umejibu vizuri bila kujua 😂 ila la baraka hujalikwepa, Papa Francis Desemba hiyo hiyo ya 2023 aliidhinisha baraka fupi isiyo ya kiliturujia kwa watu hao, maaskofu wa Afrika wakasema kwetu hapana. Maji ni yale yale ndugu.

otieno_wa_mstari_wa_nyuma

Bwana asifiwe. Huku kwetu Nairobi mambo ni upside down, ibada mpya imani ya zamani. Service ya asubuhi ni wazee na kitabu, ile ya saa tano ni drums, smoke machine (si ubani ni mashine haki ya nani), pastor kwa jeans, lakini ukisikiza mahubiri ni makali kuliko ya shosho. Na bado ACK, yaani Anglican ya Kenya, iko na maaskofu wanawake, Emily Onyango kule Bondo na Rose Okeno wa Butere, wote 2021, na kanisa hilo hilo kwa mambo ya jinsia moja limekataa kabisa haliongeleshwi. So hii kitu ya kusema "liberal" ni kama ni box moja mi naonanga haiko. Kuna mtu ako sawa na askofu mama na hayuko sawa na ile ingine. Mama uko kwa hiyo kundi na si wewe pekee, wacha kujichapa.

Kitu napenda kwa liturgy yetu ni pale mwisho tunanyoosha mkono kwa msalaba tukitupa shida zetu huko. Hiyo si ya Wazungu, imeandikwa hapa hapa, na siku hizi ata wazee wanaiona ni ya zamani 😅

bintiwamuheza

Asanteni wote, mzee wangu wa Masasi shikamoo, maneno yako nimeyasoma mara tatu na sijaacha kuyafikiria. Jumapili tulienda kule kwa bendera. Niliingia nikiwa nimenuna nakiri. Padri akageukia altare, akapiga goti mpaka chini kwa shida maana ana goti bovu, kengele ikalia, na mi nikajikuta nimeshapiga magoti kabla sijaamua. Tulikaa nyuma ya wanaume wawili watu wazima, mmoja alikuwa anamfunulia mwenzake kitabu cha nyimbo kwa sababu mikono inatetemeka. Sijui niseme nini kuhusu hilo, nasema tu niliwaona.

Baada ya misa bibi mmoja wa Kizungu, umri wa sabini na kitu, akamchukua binti sakristia akampa chetezo kisicho na moto ajaribu. Akamwambia usikirushe kwa bega, tumia kifundo cha mkono, na mnyororo uushike mfupi usije ukachoma zulia kama mimi mwaka fulani. Mtoto njia nzima kwenye basi anazungusha funguo za nyumba.

Kule tulipokuwa sijaaga bado, padri yule ni mtu mwema na alimzika mdogo wangu, nitaenda nimwone uso kwa uso.

Jioni nikampigia mama. Nikamwambia tumesali kanisa lingine, padri ni mwanamke. Kimyaa. Halafu akauliza, kengele walipiga? Nikasema walipiga. Mara tatu? Mara tatu mama. Akasema haya, nitakupigia kesho mboga inaungua.

La bendera sijamwambia.