Mjadala: Mchungaji anayetangaza tarehe ya mlipuko wa Nyiragongo, anyimwe kipaza sauti?

Shemasi wa Katindo (mleta mada)

Bwana asifiwe, wapendwa. Kwenye kartie (mtaa) yetu hapa Goma, Kongo, kuna barua inazunguka, watu wanatia sahihi. Wanamwomba shefu wa kartie awakataze wachungaji kutangaza kwenye vipaza sauti tarehe za volkano na tarehe za mwisho wa dunia. Mimi sijatia sahihi, wala sijakataa.

Chanzo ni ibada moja ya juzi. Mchungaji alisimamisha ubao mbele ya madhabahu, akaandika kwa chaki: 1977, 2002, 2021, miaka ambayo Nyiragongo, mlima wetu wa volkano, ulitema moto ukawashukia watu. Akapiga hesabu: kati ya wa kwanza na wa pili miaka 25, kati ya wa pili na wa tatu 19. Imepungua 6. Toa 6 tena, unabaki na 13, basi mlima unarudi 2034, na mwaka huohuo kanisa linanyakuliwa. Chini yake akaandika Mathayo 24 kwa chaki nyekundu. Mama mmoja nyuma yangu alianza kulia kwa sauti. Kisha kikapu kikapita, sadaka ya "safina".

Mtu kuhubiri mwisho hakunikwazi. Kanisa la kwanza liliishi kwa tumaini hilo. Paulo aliwaandikia Wathesalonike kama mtu anayetazamia kuwa hai Bwana akishuka. Lakini someni Matendo 11. Nabii Agabo anashuka kutoka Yerusalemu hadi Antiokia, anasema njaa kubwa inakuja. Luka anaongeza kwamba ilikuja kweli, siku za Kaisari Klaudio. Watu wa Antiokia hawakuuliza mwaka gani. Kila mmoja alitoa kadiri alivyoweza, msaada ukapelekwa kwa ndugu wa Uyahudi kwa mikono ya Barnaba na Sauli. Ukifika sura ya 13, kanisa lilelile linafunga, linaomba, linawawekea mikono watu walewale wawili na kuwaaga waende. Wakapanda merikebu hadi Kipro. Naona safari ya Injili ilianzishwa na kanisa ambalo tayari lilikuwa limezoea kubeba mizigo ya wengine.

Kwa hiyo nabii wa Goma namuuliza hivi: umeonyeshwa moto unakuja, sawa. Sasa nani anatumwa, wapi, na amebeba nini? Kama jibu ni "leteni sadaka mkae mkingoja", huyo si mwenzake Agabo.

Je, tumzuie? Hapo ndipo nawaachia.

Mama wa Majengo

Shemasi, mimi nimeshatia sahihi, na ningeweza ningetia mara mbili. Mnasahau haraka. Kanungu iko Uganda, karibu na mpaka wetu. Machi 2000 watu waliteketea ndani ya nyumba ya ibada, mamia, baada ya viongozi wao kuwaambia dunia inaisha. Mwaka 2023 huko Shakahola, Kenya, walifukua miili zaidi ya 400 msituni, watu waliofunga chakula wakidhani wanakwenda kumwona Yesu. Yote yalianza kwa mahubiri tu, na waliokuwa karibu wakasema "waacheni, ni imani yao".

Jirani yangu mwaka 2021 alikataa kuondoka kwenye chumba cha maombi, eti ameambiwa lava haitagusa mahali palipopakwa mafuta. Tulimburuta. Watoto wake walikuwa wamekaa nje juu ya magodoro, wanamsubiri. Halafu mnaniambia nimuulize nabii habari za Antiokia?

Motari wa Ndosho

Miye ni wa pikipiki ya abiria, siko mtu wa vitabu, lakini nitasema. Mnataka shefu wa kartie apime unabii? Tarehe 22 Mei 2021 ilikuwa Jumamosi jioni, moto ulishuka na raia hatukuwa tumepewa onyo lolote. Kituo cha kuchunguza volkano kilikuwa kimeshapoteza msaada wa Benki ya Dunia, hata intaneti ya kupokea habari za mitambo ilikuwa shida. Lava ikaja kusimama Buhene, pale karibu na uwanja wa ndege. Tarehe 27 ndipo tukaambiwa tuhame. Nilibeba watu hadi Sake, barabara yote ni magodoro na masufuria kichwani. Aliyekuwa na kipaza sauti siku ile na akakinyamazia, hamumwandikii barua?

Na kitu kingine. Januari 2025 vita vilipoingia mjini, benki zikafunga milango, kazi zikafa. Kilichonisimamisha ni kusikia kwamba Yesu alishayasema haya, kwamba hayakumshtukiza Mungu. Mtu akiniambia hayo ni kuuza hofu, namwona hajawahi kulala njaa akisikia risasi.

Mwalimu wa hesabu, Himbi

Kwa faida ya wote, endeleeni na ule ubao. Baada ya 13 ni 7, kwa hiyo 2041. Baada ya 7 ni 1, kwa hiyo 2042. Baada ya 1 ni 5 chini ya sifuri, yaani mlipuko unaofuata utatokea 2037, miaka mitano kabla ya ule uliotangulia. Mwanafunzi wangu wa mwaka wa pili angepata sifuri. Sina la kuongeza.

Mzee wa Katuba, Lubumbashi

Wanangu wa Goma, kabla hamjampa shefu mamlaka hayo, nisikilizeni. Simon Kimbangu alianza kuhubiri na kuombea wagonjwa Nkamba mwezi Aprili 1921. Kabla mwaka haujaisha Wabelgiji walikuwa wameshamkamata na kumhukumu kifo. Mfalme akabadilisha, ikawa kifungo cha maisha, wakamleta huku kwetu Elisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo. Alikaa gerezani miaka 30, akafia hapa Oktoba 1951. Kosa lake? Eti anavuruga watu kwa unabii.

Kitawala, dini iliyotokana na mafundisho ya Watch Tower, nayo ilipita huku Katanga ikisema utawala wa mzungu unakaribia mwisho. Wakaipiga marufuku, wakawapeleka watu wake uhamishoni mikoa ya mbali. Kule uhamishoni wakahubiri tena! Mwaka 1944 moto ukawaka hadi Masisi kwenu. Marufuku ndiyo iliyowatuma. Mkimfunga mdomo mtu wa ubao leo, kesho atakuwa shahidi, na wafuasi wake watakuwa maradufu.

Dada wa Majengo, uchungu wako nauelewa. Lakini nani atakayechagua unabii upi ni wa hatari? Sisi wenye umri tulishaona wanaochagua.

Mama wa Majengo

Baba mzee, shikamoo. Kimbangu hakumwambia mtu akae ndani ya nyumba moto ukija. Usinichanganyie.

Mwanafunzi wa teolojia, Bukavu

Naongeza upande ambao shemasi ameuruka. Mwanahistoria Eusebio anasimulia kwamba Wakristo wa Yerusalemu walipewa neno la unabii kabla ya vita, wakatoka mjini wakahamia Pella, ng'ambo ya Yordani. Mwaka 70 Warumi waliuteketeza mji. Kwa hiyo kuna unabii unaookoa kwa kuhamisha watu, na mtangazaji wake alipaswa kusikika. Hata Mathayo 24 yenyewe inasema walio Uyahudi wakimbilie milimani. (Sisi mlima ndio unaotufukuza, hapo itabidi wafasiri watusaidie.)

Bukavu tuliwapokea ninyi mwaka 2021, mlishuka bandarini na mbuzi na majirani. Sikuona kanisa hata moja lililouliza kama ni dalili ya mwisho. Waliuliza mko wangapi.

Ila shemasi, na wewe usimfanye Agabo mnyonge. Matendo 21 anajifunga kwa mshipi wa Paulo, anamwambia atafungwa hivyo Yerusalemu. Kila mtu analia, wanamsihi asiende. Paulo akaenda. Yaani hata unabii wa kweli haukumwondolea mtu kazi ya kuamua mwenyewe. Mahubiri ya ubao yanakosea hapo: yanamwachia msikilizaji jambo moja tu la kufanya, kutoa pesa.

Shemasi wa Katindo

Asanteni. Motari, umenigusa, na sitakujibu kwa maneno mengi. Yesu aliposema habari za vita na matetesi ya vita, alisema palepale "msitishwe", na "lakini ule mwisho bado". Faraja yako imo katika andiko lenyewe. Mtu wa ubao ameiruka.

Mzee wetu amenitoa kwenye barua. Sitatia sahihi kumnyamazisha mtu. Lakini nitaandika nyingine na kuipeleka kwa wachungaji wenyewe: anayetangaza janga aseme siku hiyohiyo watu waende njia gani, wazee na wagonjwa watabebwa na nani, na sadaka ya "safina" ihesabiwe mbele ya kanisa lote. Barnaba na Sauli walipeleka mzigo kwa wazee wa Yerusalemu, haukubaki mfukoni mwa Agabo.

Mama wa Majengo

Na akikataa kuhesabu?

Shemasi wa Katindo

Akikataa, mama, niletee ile ya kwanza.

Motari wa Ndosho

Wagonjwa wa kubebwa mniandikie miye. Lakini mafuta ya pikipiki yatoke kwenye hiyo safina.