Mshauri nasaha awe wa kabila la mteja, au kabila lisiulizwe?

Habari zenu, wadau wa Nyanda za Juu Kusini. Kazini kwetu tumebishana wiki nzima: mshauri nasaha apangiwe wateja wa kabila lake, au kabila lisitajwe kabisa? Wenzangu wengi wanasema tukiuliza tunafukua ukabila aliouzika Mwalimu. Mimi nasema mteja aulizwe, na nina sababu.

Kwetu ni Tanga, Rungwe nina miaka sita. Mwaka wangu wa kwanza aliletwa mama mmoja, halali usiku, hali chakula. Nikashika fomu. Unaishi na nani? Na mume wangu, watoto, na baba yake mume wangu. Anaitwa nani? Kimya. Nikarudia. Akavuta khanga mpaka kwenye paji la uso, akageukia ukutani. Mara ya tatu vilevile, nami nikaandika: "Mteja hatoi ushirikiano." Hakurudi.

Miezi ilipita, ndipo mama wa Kinyakyusa anayetufanyia usafi akanitoa tongotongo. Mkamwana aliyelelewa kwa mila za bibi zake hamtaji baba mkwe kwa jina, hamtazami usoni, akikutana naye njiani anampisha. Zamani hata maneno yanayofanana na jina lile aliyakwepa. Yule mama alikuwa anatunza heshima ya ukwe, mimi nikamwandika mkaidi. Na labda kilichomnyima usingizi kilikuwa humohumo, ndani ya nyumba ile. Nilikuwa na nafasi ya kukisikia, nikaipoteza kwa swali moja.

Mnaosema Kiswahili kinatosha: kinatosha kununua viazi Mwanjelwa. Neno sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito isiyoisha, tunafundishwa darasani, lakini sijamsikia mteja hata mmoja akilitamka. Wao husema "nina mawazo mengi", "kichwa kinawaka moto", na wakizidiwa wanahamia lugha ya mama.

Nyie mnaonaje?

Kutoka Njombe

Dada, pole kwa yaliyokukuta, ila napinga. Mimi nahudumia wanaoishi na VVU. Utafiti wa kitaifa wa 2022/23 ulikuta maambukizi ya asilimia 12.7 kwa watu wazima wa mkoa wetu, wakati taifa ni 4.4. Wateja wangu wanamkimbia mshauri wa kwao! Mtu anatoka Makete alfajiri, anazipita zahanati za jirani, anakuja mpaka huku kutafuta mtu asiyemjua shangazi yake. Mpe Mkinga mwenzake wanaosali kanisa moja, uone kama atafungua mdomo.

Kutoka Iringa mjini

Mimi ni Mhehe. Nilipofiwa na mke wangu nilikwenda kwa mshauri. Kusikia jina la ukoo tu, akacheka: "Nyie Wahehe kwa kujinyonga hamjambo!" Hakuwa mtani wangu, na hata angekuwa, utani una mahali pake. Msibani mtani anaruhusiwa mengi, chumba cha ushauri si matanga. Mtwa Mkwawa alijipiga risasi mwaka 1898 asitiwe mikononi mwa Wajerumani, na hadi leo kila Mhehe anachekwa kana kwamba ana kamba mfukoni.

Kinachoniuma ni hiki: swali la kama nawaza kujinyonga nililihitaji. Siku zile nilikuwa na mawazo hayo hasa. Lilikuja kama kicheko, nikajibu kwa kicheko, nikaondoka. Aliyekesha nami ni mdogo wangu. Sikuhitaji Mhehe mwenzangu, nilihitaji mtu wa kuniuliza taratibu na kusubiri jibu.

Kutoka Mbarali

Sisi wafugaji wa Kisukuma huku Usangu mbona hamtutaji? Dada yangu Kiswahili kinampiga chenga, kwa hiyo kituoni walimwita shemeji yake atafsiri. Na kilichompeleka pale ni kipigo cha mumewe, yaani kaka wa huyo huyo mtafsiri. Mnategemea angesema nini?

Mleta mada

Kaka wa Iringa, pole sana kwa msiba, na asante kwa kuusema. Wa Mbarali, hilo lako halina mjadala: ndugu asitafsiri, liwalo na liwe.

Dada wa Njombe, umenirekebisha. Kumpangia mtu kabila lake kwa nguvu ni kosa kama lile langu. Lakini hata wateja wako wanachagua, tena kwa nauli yao, kwa sababu hakuna aliyewauliza mlangoni. Harare, Zimbabwe, kuna mpango wa Friendship Bench (Benchi la Urafiki) ulioanzishwa mwaka 2006 na daktari wa magonjwa ya akili, Dixon Chibanda. Bibi wa mtaani aliyefundishwa anakaa na mgonjwa kwenye benchi nje ya zahanati, na wanatumia neno la Kishona, kufungisisa, yaani kufikiri sana. Ndiyo yale yale "mawazo mengi" ya kwetu. Nao Wamarekani, Derald Wing Sue na wenzake, mwaka 1992 waliandika kwamba mshauri aanze kwa kuzijua dhana zake mwenyewe. Mimi dhana yangu ilikuwa kwamba anayenyamaza anaficha.

Nimeomba fomu yetu iongezewe swali moja juu kabisa: "Ungependa kuzungumza na nani, kwa lugha gani, na nani asiwepo?" Mganga mfawidhi amesema fomu haiguswi, basi nauliza kwa mdomo. Kama kituo chenu kinauliza, tuambieni mnaulizaje, na watu wanajibu nini.