Programu moja ya kuhakiki vipimo vya puto na vya sondi za kudondoshwa: nini kiunganishwe, nini kiachwe?

Mwana wa Mikindani aliuliza:

Ndugu wanajukwaa, na wazee wetu mlioko humu, shikamooni.

Sisi ni kikundi kidogo hapa Mtwara, baadhi yetu walimu wa fizikia na hesabu, wengine waandishi wa programu. Tumejipa kazi ya kuandaa programu moja ya kuhakiki ubora wa vipimo vya anga ya juu, yaani joto, unyevu, mgandamizo wa hewa na upepo, kuanzia ardhini hadi kilomita 30 hivi. Kilichotusukuma mnakijua. Aprili 2019 kimbunga Kenneth kiliingia Cabo Delgado, ng'ambo tu ya mto Ruvuma, baada ya watu wa mwambao wetu kutahadharishwa na wengine kuhamishwa. Mei 2024 kimbunga Hidaya kilifika pwani kwa upande wa Mafia, na mvua zilizoambatana nacho zikakata barabara ya Lindi kwenda Dar es Salaam eneo la Somanga. Na kabla ya hapo kuna kile cha Aprili 1952 kilichoipiga Lindi yenyewe. Tunataka kuisoma anga ya siku za namna hiyo, lakini hatuwezi kuisoma kwa data ambazo hatujui zimekaguliwaje.

Data tulizonazo ni za aina tatu. Za kwanza ni za hifadhi ya IGRA inayotunzwa na NOAA, shirika la Marekani la bahari na hali ya hewa, ambamo vipimo vya maputo vya miongo mingi vimewekwa kwa viwango vya mgandamizo. Za pili ni faili za radiosondi za kisasa, yaani vifaa vidogo vya kupimia anga vinavyobebwa na puto, zenye kipimo kimoja kwa kila sekunde. Za tatu ni za sondi zinazodondoshwa kutoka kwenye ndege. Kwa kuwa bahari yetu haina utaratibu wa kudumu wa ndege za kuchunguza vimbunga kama ulivyo Atlantiki, tunajifunzia data za kampeni ya utafiti wa anga ya EUREC4A iliyofanyika karibu na Barbados mwanzoni mwa 2020, maana nayo ni anga ya bahari ya tropiki.

Mpaka sasa kila aina ina programu yake ndogo na vigezo vyake. Matokeo yake ni kwamba badiliko lilelile la joto linapita katika programu moja na kukataliwa katika nyingine, na hakuna kati yetu anayeweza kueleza sababu. Je, ni busara kuziunganisha zote ziwe programu moja? Na je, programu irekebishe kosa inapoliona, au iweke alama tu na kumwachia binadamu aamue?

Mstaafu wa Lindi alijibu:

Marahaba, mwanangu, na hongereni kwa kazi mliyoianza. Nilirusha maputo kwa miaka mingi kabla ya kustaafu, kwa hiyo nitasema upande wa kifaa, mambo ya msimbo niwaachie wenyewe.

Programu yenu lazima ijue kifaa kilipitia nini kabla ya kuhukumu namba. Puto hupanda kwa mita 5 hivi kwa sekunde, na kifaa huning'inia chini yake kwa uzi wa makumi ya mita. Kinapopanda hubembea, na kila mbembeo huchukua kama sekunde 10 hadi 15. Msipolijua hilo mtauona upepo unaoyumba huku na huko kwa mpigo uleule na kudhani ni tabia ya anga, kumbe ni uzi. Kifaa kikitoka juu ya wingu kikiwa kimelowa, maji hukauka kwenye kihisi na kukipoza, kisha joto linaonekana kushuka kwa kasi kupita nyuzi joto 9.8 kwa kilomita, kiwango ambacho hewa kavu inayopanda haikipiti. Hapo alama ya shaka inastahili. Lakini msiiweke sheria hiyo kwa ukali uleule karibu na ardhi. Vipimo vya dunia nzima huhesabiwa kwa saa sita usiku na saa sita mchana za saa ya kimataifa, ambazo kwetu ni saa tisa usiku na saa tisa alasiri. Saa tisa alasiri ya mwezi Oktoba, ardhi ya kiwanja cha ndege imechemka, na tabaka la hewa lililo jirani nayo hupoa kwa kasi kuliko kiwango hicho kweli kabisa. Nimewahi kuona kijana akifuta vipimo vizuri vya chini kwa sababu kompyuta ilisema haiwezekani.

Liko pia jambo la mgandamizo. Programu nyingi huandikwa kwa imani kwamba puto likipanda mgandamizo hushuka bila kurudi nyuma. Ndani ya wingu zito la mvua, puto linaweza kubeba barafu au kukutana na hewa inayoshuka kwa nguvu, likashuka kidogo kisha likapanda tena. Programu ikifuta kila sekunde ambayo mgandamizo uliongezeka, itafuta habari za wingu lenyewe, na siku ya kimbunga hiyo ndiyo habari mnayoitafuta.

Kuhusu jua: kihisi cha joto huota jua mchana, na kadiri hewa inavyokuwa nyembamba huko juu ndivyo inavyoshindwa kukipoza. Vifaa vya zamani vilikuwa na kosa kubwa zaidi la aina hii. Njia nyepesi ya kulikagua ni kulinganisha wastani wa vipimo vya saa tisa usiku na vya saa tisa alasiri katika anga ya juu sana, kituo kilekile, miaka ileile. Tofauti ikikua pamoja na kimo, hamtazami hali ya hewa, mnatazama jua lililopiga kihisi. Na mkumbuke kwamba puto huachiwa kabla ya saa ya kuhesabiwa, mara nyingi kwa dakika 45 au zaidi. IGRA ina nafasi ya saa ya kuachiwa puto mbali na saa rasmi, kwa hiyo msizichanganye.

Binti Nachingwea alijibu:

Naomba kuuliza kwa heshima: kwa nini muanze upya? Kituo cha NCAR cha Marekani kinatoa programu iitwayo ASPEN ambayo tayari inahakiki sondi za kudondoshwa na radiosondi, na inaweza kufanya kazi kwa kufungua dirisha la kutazama faili moja au kwa kupitisha faili nyingi kwa mkupuo. Nimeitumia katika masomo yangu. Inaondoa vipimo vilivyo nje ya mipaka, inalinganisha kila kipimo na majirani zake, inasahihisha ucheleweshaji wa kihisi (yaani muda kinaochukua kuifikia hali halisi ya hewa), inalainisha mkondo, kisha inakokotoa kimo upya. Data nyingi za Barbados mlizozitaja zimepita humo.

Mwana wa Mikindani alijibu:

Dada, ASPEN tunayo na tunaiheshimu. Ugumu wetu ni data za IGRA, ambazo hazina kipimo cha kila sekunde, na haja ya kuwa na alama za ubora zenye maana moja kwa data zote tatu.

Msanifu wa Masasi alijibu:

Nimeandika programu za kuchakata vipimo kwa muda, na maoni yangu ni kwamba unganisheni umbo la data, mpangilio wa hatua na kumbukumbu ya maamuzi, lakini msiunganishe fizikia ya vifaa.

Umbo la data maana yake ni kwamba faili yoyote, iwe ya maandishi yenye safu, iwe ya miundo ya kikompyuta kama BUFR au NetCDF, ikishasomwa igeuke kuwa jedwali moja lenye majina yaleyale na vipimo vilevile, na kando ya kila namba kuwe na safu ya alama. Msomaji wa faili asifanye uhakiki wowote. Vigezo vya kila kifaa vikae katika faili yake, nje ya msimbo, ili mzee kama huyu wa Lindi aweze kuvisoma na kuvipinga bila kujua Python, lugha ya kuandikia programu.

Mpangilio wa hatua ni jambo ambalo wengi hulipita haraka mno. Mkilainisha mkondo kabla ya kuondoa kipimo kilichoruka, ule mruko hautapotea. Utasambaa kwa majirani zake na kuwa nundu ndogo yenye sura ya kweli, na hakuna ukaguzi utakaouona tena. Kwa hiyo mipaka kwanza, kisha ulinganisho wa majirani, kisha masahihisho ya kihisi, kulainisha baadaye, na kimo mwishoni kwa kuwa kinategemea mgandamizo, joto na unyevu vyote vitatu.

Sasa kwa nini fizikia isiunganishwe? Chukueni kulainisha kwa sekunde 10. Kwa puto linalopanda mita 5 kwa sekunde, hizo ni mita 50 za anga. Sondi ya kudondoshwa huanguka kwa mita 11 hivi kwa sekunde karibu na bahari, na juu, kilomita 12, ambako hewa ni nyembamba, kasi yake ni karibu mara mbili ya hiyo. Sekunde zilezile 10 huko ni zaidi ya mita 200. Mkitumia kigezo kimoja, tabaka jembamba la unyevu ambalo puto limelionyesha wazi litafutika kwenye sondi, halafu mtaandika kwamba anga zilikuwa tofauti. Vilevile sondi hutoka kwenye ndege yenye joto la chumba na kuingia katika baridi kali, hivyo vipimo vyake vya mwanzo havifai mpaka kihisi kizoee. Puto halina tatizo hilo kwa kiwango hicho, isipokuwa lilipohifadhiwa ndani kwenye kiyoyozi au kuachwa juani kabla ya kurushwa.

Kuhusu kurekebisha au kuweka alama: fanyeni vyote viwili, ila data ghafi isiguswe kamwe, na kila faili inayotoka ibebe namba ya toleo la programu na nakala ya vigezo vilivyotumika. Hili nalisema kwa msisitizo kwa sababu upo mfano mkubwa. Sondi za kudondoshwa za aina ya RD94 zilitumika kupima kwa miaka kadhaa, kuanzia 2010 hadi 2016 kosa lilipogunduliwa, huku programu ya kupokea vipimo ikiwa imeacha sahihisho moja la unyevu linalotegemea joto. Matokeo yalionyesha hewa ya juu, penye baridi, kuwa kavu kuliko ilivyokuwa. Kifaa kilikuwa kizima, na kila ukaguzi wa mipaka uliipitisha namba hiyo kwa sababu haikuwa ya ajabu. Data hizo ziliweza kusahihishwa kwa kuwa vipimo vya asili vilikuwa vimetunzwa.

Namna ya kuijaribu programu yenu: chukueni mipando safi, yaani vipimo vya puto lililopanda bila kosa, mwiharibu kwa makusudi, hapa ongezeni nyuzi 3, pale simamisheni unyevu usibadilike kwa dakika nzima, kisha mtazame ni makosa yapi yamekamatwa na ni vipimo vingapi vizima vimeonewa. Hilo la pili lina uzito kuliko la kwanza.

Mwana wa Mikindani alijibu:

Tumeshukuru mno. Linabaki moja. Baadhi ya sondi hupoteza mawasiliano kabla ya kugusa bahari. Kimo chake tukikokotoe kuanzia wapi?

Binti Nachingwea alijibu:

Ikiwa sondi imegusa maji, anzieni kimo sifuri na kupanda, maana hapo ndipo penye uhakika. Ikiwa mawasiliano yalikatika angani, anzieni kimo cha ndege na kushuka, na alama iseme wazi kwamba njia ni hiyo, kwa sababu kosa la vipimo vya mwanzo, vile ambavyo kihisi hakijazoea baridi, litashuka nanyi hadi chini. Msikisie mahali ilipoishia kwa kuangalia namba ya mwisho peke yake. Linganisheni kasi ya kuanguka iliyotokana na mgandamizo na ile ya GPS. Zikikubaliana mpaka mwisho na kimo cha GPS kikawa bado mita mia kadhaa, haijafika. Na kama kasi zote mbili ni kubwa kuliko kawaida tangu juu, huenda parachuti haikufunguka. Joto la sondi hiyo bado linaweza kufaa baada ya kusahihisha ucheleweshaji, ila upepo wake mwupe alama ya shaka kutoka mwanzo hadi mwisho.