Shawa inatoa maji kiduchu, simtanki liko juu

Wakuu, nyumba ya chini Mbezi Beach, simtanki la lita 2,000 juu ya mnara wa mita 3. Shawa inadondosha tu. Ninunue pampu?

— Subiri kwanza. Kila mita 1 ya kimo inatoa takriban baa 0.1 (baa ni kipimo cha msukumo wa maji). Shawa ipo mita 2, unabakiwa na mita 1 tu. Pandisha mnara hadi mita 6, bomba la kushuka liwe inchi 1, lipungue nusu inchi bafuni.

— Kabla ya hapo, fungua kichwa cha shawa. Maji ya kisima huziba matundu kwa chokaa. Loweka kwenye siki usiku kucha.

— Ukifunga pampu, ivute kutoka tangini. Ukiiunganisha na bomba la mtaa unawanyima majirani, na uchafu unafyonzwa kwenye viungio vinavyovuja.