Naomba ushauri: Shinden yangu inapiga propela chini ikitaka kuruka

Wakuu habari zenu, natengeneza modi ya gemu la ndege za vita, naongeza J7W1 Shinden ya Japani, ile yenye propela ya panga sita nyuma na vibawa vidogo puani. Shida ikinyanyua pua tu propela inagonga ranwei inalipuka, na hata ile ya kweli iligonga hivyo hivyo 1945 wakaifunga vigurudumu chini ya mikia yake miwili, nimeviweka na mimi lakini wapi. Nimesogeza uzito mbele, sasa hainyanyuki kabisa. Nirekebishe vibawa vya mbele au matairi? Na spidi niweke kilomita 750 kwa saa ya kwenye makaratasi wakati ile ya kweli iliruka mara chache tu bila kuifikia? Naipenda sana hii ndege, nataka iwe ya kweli.